Zawadi Iliyoshonwa Mdomo

Nyumba yetu ya Kasese ni ya bati tupu, tena ya mviringo, kama debe kubwa lililofunikwa. Katika kambi ya jeshi ziko nyingi za namna hiyo, zimepangwa mistari kama wenyewe wanaokaa ndani, na zote zinafanana. Siku moja niliingia nyumba ya watu, nikatua ndoo ya maji chini, ndipo nikaona kitanda si chetu. Nilibeba ndoo nikatoka bila hata kusema samahani. Mimi ni mtu wa haya. Mwalimu akiuliza swali na jibu ninalo, naliandika nyuma ya daftari, linaishia hapo.

Nadhani ni kosa lile la ndoo lililonifanya nianze kupamba. Nilitaka nyumba yetu ijulikane. Lakini bati halitaki kupambwa. Ukipiga msumari, umeikaribisha mvua. Ukibandika kwa gundi, mchana bati linawaka na karatasi zinadondoka moja moja mezani, nyingine kwenye mboga. Kwa wiki nzima nilikuwa na swali moja tu kichwani: kitu kitashikaje kwenye ukuta usiotaka kushikwa?

Jibu lilikuwa ndani ya redio iliyokufa. Nilifungua spika yake kwa kisu nione sauti inatokea wapi. Sauti sikuiona, nikakuta sumaku nene kama kitumbua. Nilipoisogeza karibu na ukuta iliruka yenyewe kutoka mkononi, ko! Nikacheka peke yangu. Tangu siku hiyo kila spika mbovu niliyoiona mtaani Nyamwamba niliiomba, au tuseme nilisimama karibu nayo mpaka mwenyewe akaniuliza kama naitaka. Nilisuka maganda makavu ya mahindi, nikayazungusha yakawa fremu, nikatia picha zetu, nyuma nikaficha sumaku. Mama aliporudi alisimama mlangoni akasema, "Sasa hii ni nyumba. Si tanki ya maji tena." Baba ni mwanajeshi na haongei sana. Aliuliza tu ni redio ya nani imevunjwa.

Nieleze pia lugha, maana mtu anaweza kushangaa. Baba ni wa West Nile, mama ni wa Teso. Kinachowakutanisha ni Kiswahili cha kambini, na mimi ndicho nilichonyonya. Kile cha vitabu nimekikuta sekondari. Hapa naandika vyote viwili.

Mama hulima mpunga Mubuku, kwenye shamba la kukodi, na mchele anauza Mpondwe, pale mpakani na Kongo, chini kidogo ya Bwera. Siku za soko ni Jumanne na Ijumaa. Likizo ya mwaka jana nilikuwa naenda naye. Kazi yangu ilikuwa kushika mdomo wa gunia wakati yeye anapima, na kazi hiyo haihitaji maneno, kwa hiyo niliipenda.

Pembeni yetu aliuza nyuzi mama mmoja wa Butembo, mnene, mwenye vidole vyembamba ambavyo havikufanana na mwili wake. Soko zima lilimwita mama wa uzi. Asubuhi alivuka daraja na mzigo wake, jioni akavuka kurudi upande wao. Mikono yake haikutulia. Mteja akija alipima uzi, mteja akienda alichukua sindano yake yenye ndoano ndogo mwishoni na kuendelea kufuma kitambaa cha meza. Nilimtazama Ijumaa ya kwanza, na Jumanne iliyofuata. Nilikuwa natafuta mahali uzi unapoanzia fundo, nikawa sipaoni. Siku ya tatu akasema bila kuinua macho:

"We mutoto, macho yako itaingia mu uzi. Njoo uikale hapa."

Nikakaa. Akanipa sindano. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Nikikosea alivuta uzi, na kazi yangu yote ikafumuka mbele yangu, frrr, kama haijawahi kuwepo.

"Ile inauma, eh?" aliniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ndjo vile. Mukono inashika kile kiliuma."

Ua langu la kwanza lilikuwa limepinda kama sikio la mbuzi. La kumi lilikuwa ua. Akanifundisha kulikausha lisimame: unakoroga sukari kwenye maji moto, unachovya, unatandaza juu ya bakuli lililopinduliwa. Nilifanya hivyo nyumbani, likakauka, likawa gumu kama kikombe, nikaliweka juu ya meza kwa fahari kubwa. Asubuhi lilikuwa jeusi. Sisimizi walikuwa wamelijaa mpaka huoni uzi, na mstari wao ulitoka chini ya mlango hadi mguu wa meza. Nilipomsimulia, mama wa uzi alicheka akashika mbavu, akamwita mpaka muuza vitunguu aje asikie.

"Sukari ni ya kwetu ku baridi," akasema akijifuta machozi. "Kwenu ku joto unatia unga ya muhogo, mutoto wangu. Uji mwepesi. Umelisha sisimizi ya Kasese yote!"

Ilikuwa mara ya kwanza watu wengi kunicheka nami nisitamani ardhi ipasuke. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alisema "mutoto wangu".

Basi wiki moja akatuambia anaacha soko. Binti yake wa Butembo alikuwa amejifungua mapacha, na nyumba ilimhitaji. Ijumaa ya wiki ya tatu ingekuwa mwisho wake. Mama alimpa pole na hongera kwa pamoja. Mimi moyoni nikaamua kwamba hatavuka daraja mara ya mwisho bila kitu cha mkono wangu.

Kuhusu zawadi, yeye mwenyewe alikuwa amenieleza desturi ya kwao, angalau ya mama yake. Kado, ndivyo wanavyoita zawadi, haifungwi kwa kamba. Unaitia ndani ya kitambaa au kipande cha gunia, kisha unashona mdomo wote kwa uzi. Anayepewa haifungui mbele yako. Anakwenda nayo kwake, anafumua akiwa peke yake, ili wewe usimsome uso na yeye asilazimike kucheka kama haikumpendeza. Niliposikia hivyo nilifikiri desturi hii lazima ilitungwa na mtu mwenye haya kama mimi.

Niliamua kumtengenezea foronya ya mto wa kiti. Maua meupe ya kufuma ningeweza, uzi wa mabaki alinipa mwenyewe. Lakini maua peke yake yalionekana kama yanaelea. Yalitaka majani kati yake. Nilitafuta kitambaa cha kijani nyumba nzima. Kanga ya mama ilikuwa nyekundu, pazia lilikuwa la buluu. Halafu nikakumbuka suruali kuukuu ya baba, ile ya kazi, ya madoa ya kijani na kahawia na meusi. Ilikuwa imechanika magotini na mama alikuwa akiitumia kuepulia sufuria.

Niliitandaza nikaitazama kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nimekua nimezungukwa na kitambaa hicho na sikuwahi kukiangalia. Hakuna doa lililofanana na jingine. Moja lilikuwa kama ziwa, jingine kama mbwa anayeruka. Nilijiuliza aliyechora alianzia wapi, na alijuaje kwamba amemaliza. Na kitambaa chenyewe kilikuwa kigumu, ukikikata hakivuji nyuzi. Nilikata majani kumi na mawili, nikaacha mguu mmoja wa suruali mama aepulie.

Sisi watoto wa kambi tunajua sheria. Usivae shati la baba nje. Usimpe mtu kofia yake hata kwa mchezo. Hilo tunaambiwa kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Lakini mimi nilidhani sheria ni ya kuvaa. Nilidhani nguo ikishakatwa si sare tena, ni kitambaa. Nani atavaa jani?

Nilishona shambani Mubuku, siku za kufukuza ndege. Kazi ni kukaa kwenye kingo na kuvuta kamba yenye makopo ndege wakitua kwenye mpunga. Katikati ya kuvuta na kuvuta niliunganisha maua na majani. Kitambaa na uzi wa kufuma havipendani, kimoja kinanyooka, kingine hapana, mto unakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nilifumua mara tatu. Mwisho nikagundua mwenyewe: kwanza pitisha uzi pembeni mwa jani lote liwe na ukingo wa kufuma, kisha ukingo uunganishe na ua. Uzi na uzi wakaelewana. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilivuta makopo kwa furaha hata pale ambapo hapakuwa na ndege.

Ijumaa yenyewe nilimpa asubuhi, ikiwa imekunjwa ndani ya kipande cha gunia la mchele, mdomo umeshonwa. Aliipima uzito mkononi, akaibusu mshono, akaitia chini kabisa ya mzigo wake.

"Nitafungua Butembo," akasema. "Nitaketi ku kitanda, nifunge mulango."

Mchana akauza nyuzi zake za mwisho kwa bei ya kutupa, akatukumbatia, mama na mimi, akaenda zake kuelekea daraja. Nilibaki nimeshika mdomo wa gunia.

Hazikupita dakika nyingi, askari wawili wa doria wakapita kwenye mstari wa mitumba, mbele yetu. Mmoja aliingiza mkono kwenye rundo la nguo akatoa kofia. Ilikuwa na madoa ya kijani.

"Hii umetoa wapi?"

"Afande, ilikuja ndani ya bale ya mitumba. Sikuiona, haki ya Mungu."

"Simama. Beba bale yako. Tembea mbele yangu."

Mwenye mitumba alibeba, huku akisema afande, afande, afande. Muuza vitunguu, naye wa ng'ambo, akapiga ulimi. "Ile nguo haichezewake. Upande wetu ni mubaya zaidi. Wakikukuta nayo kule, watauliza uko wa kundi gani la waasi."

Mikono yangu iliachia gunia. Mchele ukamwagika miguuni mwa mteja.

"Wewe!" mama akafoka. "Umelala?"

Nikamvuta sikio lake karibu na mdomo wangu. "Mama. Na kama ni kipande? Kidogo, kama jani?"

"Kipande cha nini?"

Alinitazama, akatazama upande wa daraja, na nikaona rangi ya uso wake inabadilika.

"Suruali ya sufuria," akasema polepole.

"Kumi na mbili, mama. Ndani ya zawadi. Yeye hajui."

"Ata kama ni kifungo tu! Ata kama ni uzi! Na wakiuliza ilitoka kwa nani? Kimbia! Unaniangalia nini? Kimbia!"

Nilikimbia. Njiani nilikuwa natunga sentensi ya kusema, nikafika bado sina. Karibu na daraja wanawake wenye mizigo walikuwa wamepanga mstari mrefu, na mbele mizigo ilikuwa inafunguliwa mezani mmoja baada ya mwingine. Nilimwona kwa kilemba chake cha njano. Mbele yake walibaki watu watano. Nikapita pembeni.

"We musichana, kamata laini!"

"Anaenda kuolewa, muache!"

Nikamfikia nikashika mkono wake. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. "Mama, nipe zawadi yangu."

Mstari mzima ukageuka.

"Anaomba kado yake!" mwanamke mmoja akapiga makofi. "Batoto ba Uganda! Wanapeana asubuhi, wanachukuaka mangaribi!"

Mama wa uzi hakucheka. Alinitazama kama vile nimemfumulia kazi. "Nimekukosea nini, mutoto wangu?"

Siku nyingine yoyote ya maisha yangu, hapo ningekaa kimya. Watu walikuwa wananitazama, askari walikuwa pale, na mbele yake sasa walibaki watu wanne. Nilisimama kwa ncha za vidole nikamwambia sikioni, "Ndani iko nguo ya kazi ya baba. Baba yangu ni askari. Nilikata majani."

Alitazama mzigo wake. Kisha akapiga kelele, mikono kichwani: "Mama yangu! Nimesahau sufuria ya binti yangu kwa Bwera! Sufuria ya mapacha!"

"Utapoteza nafasi," wakamwambia.

"Nafasi itarudi, sufuria haitembeake!" Akatoka kwenye mstari akiniburuta, akilaumu sufuria kwa sauti mpaka tulipokata kona.

Nyuma ya magunia ya mchele wetu, mama yangu akiwa amesimama mbele na leso imetandazwa kama anaikunguta, mama wa uzi alifumua mdomo wa zawadi kwa wembe. Nilitaka kuangalia pembeni. Desturi ilikuwa inanilinda na sasa haikuwepo, uso wake ulikuwa hapa, karibu na wangu.

Aliikunjua magotini. Akaigeuza, akaangalia mgongo wake, kama alivyofanya kila kazi yangu, maana yeye alisema mbele ya kazi ni ya wageni na nyuma ni ya fundi. Alipitisha kidole kwenye mishono. Macho yake yakajaa, akayapepesa kwa hasira kidogo, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Mugongo iko safi," akasema.

Kisha akaanza kukata. Jani la kwanza likatoka. La pili. Kwenye la tatu akasimama, akalisogeza karibu na jicho.

"Hapa ulifanya aje? Kitambaa na uzi haikunjamane?"

"Nilipitisha uzi pembeni kwanza," nikasema. "Halafu ule ukingo ndio niliunga."

"Na sindano gani?"

"Ile ndogo. Kwanza nilitoboa matundu na..."

"Nyinyi!" mama akanong'ona kwa ukali, bila kugeuka. "Mnafundishana saa hizi? Kateni!"

Tukakata. Majani kumi na mawili mama aliyatia kifuani mwake, ndani ya blauzi. Kilichobaki kilikuwa maua meupe yaliyoshikana kwa kingo za uzi, na kati yake mashimo ya umbo la jani. Nilisema nitamtengenezea nyingine, nitaituma. Hakunisikiliza. Alikunja ile ya mashimo akaiweka juu kabisa ya mzigo, bila kuifunga.

Tulirudi naye mpaka darajani, safari hii nikasimama pembeni karibu na meza. Askari alifungua mzigo, na kitu cha kwanza alichokutana nacho kilikuwa hicho. Akakiinua kwa vidole viwili.

"Hii nini, mama? Neti ya samaki?"

"Kitambaa ya meza, afande."

"Mbona ina mashimo?"

"Ni modeli mupya, afande. Meza pia inapumuaka."

Askari akacheka, akamwita mwenzake aje aone meza inayopumua. Wakapekua vingine juu juu, wakamwambia apite. Aliufunga mzigo kwa fundo, akautia kichwani, akapita. Nilifuata kilemba cha njano kwa macho katikati ya vilemba vingine hadi upande wa pili, kisha sikukiona.

Jioni ile mama aliyaweka majani mezani mbele ya baba na kusema kwamba mwenye maneno ni mimi. Akatoka kwenda kuwasha sigiri. Nilisimama wima, hata sikujua ni lini nilianza kusimama hivyo mbele ya baba.

"Nani alikata?"

"Mimi, baba."

"Nani aliona?"

"Mama. Na mama wa uzi. Hakuna mwingine."

"Ulijua ni kosa?"

"Nilijua kuvaa. Kukata sikujua."

Akaenda kuchukua na ule mguu wa suruali uliobaki jikoni, akakusanya vyote, akatoka navyo nje kwenye sigiri. Kitambaa kile hakiungui haraka. Kilitoa moshi mweusi, na jirani akauliza tunachoma nini, baba akajibu, "Matambara." Aliporudi alinawa mikono akakaa. Nilisubiri adhabu. Nilikuwa nimeshaichagulia hata jina: kupiga magoti, au kufyeka nyasi za mstari mzima.

"Kuja hapa," akasema. "Hiyo kitu uliyoshona. Ilikuwa mzuri?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Ndiyo, baba."

"Sasa majani yangu ilikaa wapi?"

Nikachukua daftari langu, hili hili, nikamchorea ua, na pembeni yake jani, na ua. Aliliangalia akalizungusha. Akaniomba kalamu.

"Hapa uliacha wazi," akasema, akichora doa moja kama la sare yake kwenye kona, taratibu, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. "Kona haiachwi wazi."

Nikamwambia kona ile nilikosa uzi.